Kuzaliwa Mara ya Pili: Siku Mtoto wa Kihindu Aongozwapo kwa Mwalimu



Sisi watu wa Pwani tunayo methali juu ya Baniani na kiatu chake, na hapana mtoto asiyeijua. Walakini ni wachache kati yetu waliopata kuuliza habari za ule uzi mweupe ambao baadhi ya Mabaniani huuvaa begani, chini ya shati, nao huonekana tu wakati wa joto kali, mwenye duka akaapo kizingitini hali vifungo vimefunguliwa. Sisi nasi tuliuona uzi huo miaka mingi bila ya kuuliza. Tulikuja kuuliza kwa sababu ya kosa letu wenyewe, na kosa lenyewe lilikuwa hivi.

Karibu na chuo tunachofundishia ualimu pana duka ambamo hununua chaki na madaftari. Mwenye duka ni Mbrahmani, asili yake Gujarat, mtu mpole apendaye kuzungumza na walimu. Siku moja tuliingia tukamwona mwanawe, mtoto wa miaka minane, ameketi nyuma ya meza, kichwa kimenyolewa, hakuna nywele ila kishungi kidogo kisogoni. Katika kabila letu kichwa kilichonyolewa ghafula ni alama ya msiba. Tukavua kofia, tukamwambia baba yake kwa sauti ya chini, "Makiwa, Bwana." Alitutazama kwa mshangao, kisha akacheka hata machozi yakamtoka. "Mwalimu," akasema, "hapana aliyekufa. Huyu amezaliwa juzi."

Basi jioni hii tunakusudia kuwaeleza habari za kuzaliwa huko, kwa kadiri tulivyoelezwa na rafiki yetu huyo na kwa kadiri ya vitabu tulivyovitafuta baadaye. Sisi tuliolelewa misioni twalijua neno la kuzaliwa mara ya pili kwa njia nyingine. Twaomba msikilizaji asichanganye mambo, bali alisikie hili kama wenyewe wanavyolieleza.

Sherehe hiyo, kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya dini ya Kihindu, huitwa upanayana. Neno hili limeungwa na maneno mawili: upa, maana yake karibu, na nayana, maana yake kuongoza. Upanayana, basi, ni kumwongoza mtu karibu. Na anayekaribiwa ni mwalimu. Wagujarati huiita janoi, ambalo ndilo jina la uzi. Huko Nepal huitwa bratabandha. Ni moja katika sherehe za maisha ambazo kwa desturi huhesabiwa kuwa 16, kuanzia mtoto asipozaliwa bado mpaka maiti yake ichomwapo moto. Vitabu vya kale vya kanuni za nyumbani, vilivyotungwa karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Kristo, vyaieleza kwa urefu sana.

Vitabu hivyo vyataja umri. Mtoto wa Mbrahmani, yaani wa tabaka la makuhani na wanazuoni, aletwe katika mwaka wake wa 8. Mtoto wa Kshatria, tabaka la wafalme na askari, katika mwaka wa 11. Mtoto wa Vaishia, tabaka la wakulima na wafanya biashara, katika mwaka wa 12. Akichelewa husubiriwa, lakini si milele: mpaka miaka 16 kwa wa kwanza, 22 kwa wa pili, na 24 kwa wa tatu. Tabaka la nne, la Mashudra, ambao kazi yao ilisemwa kuwa utumishi, halikuwekewa umri wo wote, kwa kuwa halikualikwa kabisa. Jambo hili tutalirudia, maana hapo ndipo penye mwiba.

Mtu aliyekwisha kufanyiwa sherehe hii huitwa dvija, yaani aliyezaliwa mara mbili. Neno hilo hilo katika Kisanskriti ni jina la ndege, kwa kuwa ndege huzaliwa kwanza yai, kisha kifaranga. Tena ni jina la jino, kwa sababu jino la utotoni hung'oka likaota jingine. (Tulipowasimulia wanafunzi wetu chuoni, habari ya jino iliwapendeza kuliko ya ndege.) Lakini katika kuzaliwa huku kwa pili mama ni nani? Hapa ndipo tuliposhangaa. Katika Atharvaveda, mojawapo ya zile Veda nne ambazo ndizo maandiko matakatifu ya Wahindu, mna wimbo wa kumsifu mwanafunzi, nao wasimulia kwamba mwalimu ampokeapo mwanafunzi humfanya kuwa mimba ndani yake, akamchukua tumboni siku tatu, na azaliwapo miungu hukusanyika kumtazama. Tumekuwa katika kazi hii ya kufundisha miaka kumi na minane, na tumesikia mwalimu akifananishwa na baba, na mkulima, na mfinyanzi, hata na askari wa zamu. Lakini kufananishwa na mwanamke mja mzito hatukupata kusikia.

Sasa tuieleze siku yenyewe. Desturi hupishana mahali na mahali, lakini mambo makubwa ni haya. Asubuhi mtoto hula pamoja na mama yake katika sahani moja. Kwa jamaa nyingi huo ndio mlo wa mwisho wa namna hiyo. Tangu siku hiyo ataketi kula na wanaume. Rafiki yetu alisema kwamba mke wake alimlisha mtoto polepole mno siku hiyo, hata kuhani akaanza kutazama saa, na hapana mtu aliyethubutu kumhimiza.

Baada ya hayo mtoto hunyolewa, huogeshwa, huvikwa nguo mpya. Hufungwa kiunoni mshipi uliozungushwa mara tatu. Kanuni za kale zasema kwamba mshipi wa Mbrahmani uwe wa nyasi ziitwazo munja, wa Kshatria uwe upote wa upinde, na wa Vaishia uwe wa sufu. Hupewa ngozi ya mnyama na fimbo. Fimbo ya Mbrahmani yapasa ifike kwenye nywele, ya Kshatria ifike kwenye kipaji cha uso, na ya Vaishia ifike puani. Hata kwa fimbo, basi, watu walipimwa.

Uzi wenyewe ni wa pamba. Una kamba tatu, na kila kamba imesokotwa kwa nyuzi tatu, jumla nyuzi 9, zikaunganishwa kwa fundo. Urefu wake wa desturi ni mara 96 ya upana wa vidole vinne. Huvaliwa juu ya bega la kushoto ukapita chini ya kwapa la kulia. Lakini mvaaji afanyapo ibada ya wazee waliokufa huugeuza ukakaa bega la kulia. Ukikatika au ukichakaa huvaliwa mpya kwanza, ndipo wa zamani ukavuliwa. Na katika jamaa nyingi hubadilishwa kila mwaka, siku ya mwezi mpevu wa mwezi wao wa Shravana, ambayo aghalabu huangukia Agosti. Tulimwuliza rafiki yetu maana ya kamba tatu. Akasema kwamba ni madeni matatu anayozaliwa nayo mtu: deni kwa wahenga walioiacha elimu, deni kwa miungu, na deni kwa wazee waliotutangulia. Wengine huzieleza vingine. Lakini yeye, kwa kuwa ni mtu wa duka, alipenda maelezo ya madeni, akaongeza kwamba lile la kwanza hulipwa kwa kusoma tu, fedha haipokelewi.

Yapo mambo mawili ambayo twataka msikilizaji ayashike, kwa sababu yamo katika vitabu vya kale na wengi hawayatii maanani. La kwanza ni jiwe. Mtoto hukanyagishwa jiwe na kuambiwa awe imara kama jiwe hilo. La pili ni moyo. Mwalimu humwekea mwanafunzi mkono kifuani, juu ya moyo, akamwombea kwamba moyo wake uifuate nia ya mwalimu na mawazo yao yawe mamoja. Maneno anayoyatumia hapo ni yale yale, ila kidogo sana, ambayo bwana arusi humwambia bibi arusi siku ya ndoa. Na jiwe pia hukanyagwa siku ya ndoa. Kwa hiyo watu hao wa kale walipotafuta mfano wa kifungo cha mwalimu na mwanafunzi, hawakuuona mwingine uliotosha ila kifungo cha mume na mke.

Ndipo huja kiini cha siku. Mwalimu na mtoto huketi karibu na moto. Mara nyingi hufunikwa nguo moja, pasiwe mwingine asikiaye. Naye humwambia sikioni dua iitwayo Gayatri. Imo katika Rigveda, ni mistari mitatu ya silabi nane nane, jumla silabi 24, nayo humwomba Savitar, mungu aliye katika nguvu ya jua, aziamshe akili za wanaoomba. Humfundisha kwanza mstari mmoja mmoja, kisha nusu, kisha yote pamoja. Mwalimu ye yote atakayenisikiliza ataitambua njia hiyo. Tungali twaitumia kwa jedwali la kuzidisha. Aghalabu anayenong'ona siku hizi ni baba mzazi, akiongozwa na kuhani, kwa hiyo kwa saa ile baba huacha kuwa baba akawa mwalimu.

Je, mtoto wa miaka minane aelewe nini katika maneno ya lugha ambayo haizungumzi? Jibu moja laweza kupatikana kwa Rabindranath Tagore, mshairi wa Bengal aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1913. Yeye alifanyiwa sherehe hii mwaka 1873, mjini Kolkata, alipokuwa na miaka 11, pamoja na wavulana wengine wawili wa nyumba yao. Katika kumbukumbu zake asimulia mambo mawili. Kwanza, aliona haya sana kurudi shuleni na kichwa kilichonyolewa, akihofia mzaha wa wenzake. Na faraja yake ilikuwa kwamba baba yake alimchukua safarini mpaka milima ya Himalaya. Pili, alikuwa akiikariri Gayatri kwa bidii, na siku moja, ameketi pembeni sakafuni, machozi yakamtoka bila ya yeye kujua sababu. Alipokuwa mtu mzima alisema kwamba ndani ya mtu kuna kazi ifanyikayo ambayo ufahamu wa juu juu hauna habari nayo. Sisi tunaofundisha walimu wapya kwamba mtoto asikaririshwe asichokielewa, tuliyasoma maneno hayo mara mbili, wala hatukuacha kufundisha hivyo. Lakini tangu siku hiyo twasema kwa sauti ya chini kidogo.

Baada ya dua mtoto hushika bakuli akaenda kuomba chakula. Huyo ni mtoto ambaye nyumbani kwao mna mchele wa kutosha! Lakini kanuni ni kwamba mwanafunzi ale alichoomba, ili asijione. Vitabu vyaagiza kwamba siku ya kwanza aombe kwa mama yake, au dada yake, au dada wa mama yake, yaani kwa mwanamke ambaye hatamkatalia. Kwa hiyo yule yule aliyemlisha asubuhi kama mtoto mchanga, jioni husimama mlangoni akamtilia mchele bakulini kama mgeni. Katika jamaa kadhaa hufuata mchezo: mtoto hushika mwavuli na fimbo akatoka kwenda Kashi, mji wa elimu uitwao pia Varanasi, na mjomba humkimbilia akambembeleza kwa ahadi na zawadi mpaka arudi.

Zamani hakubembelezwa. Alikwenda kukaa nyumbani kwa mwalimu, na muda wa desturi ulikuwa miaka 12 kwa Veda moja. Alichanja kuni, aliuchochea moto asubuhi na jioni, alilala chini, alijinyima asali na nyama na manukato, aliamka kabla ya mwalimu akalala baada yake. Masomo yalikuwa ya mdomo na sikio. Rigveda peke yake ina nyimbo 1,028, na hizo zilishikwa moyoni pasipo kalamu, kwa njia za kukariri zilizotungwa kwa ustadi hata neno moja lisipotee. Mwaka 2003 shirika la UNESCO liliitangaza sanaa hiyo ya kukariri Veda kuwa mojawapo ya hazina za wanadamu. Alipomaliza, mwanafunzi alioga maji ya kuhitimu, akampa mwalimu zawadi, akarudi kwao kuoa.

Mwalimu naye alikuwa na sheria zake, na hizi tulizinakili katika daftari letu. Kitabu cha kanuni cha Apastamba chaamuru kwamba mwalimu ampende mwanafunzi kama mwanawe, amfundishe kwa moyo wote bila ya kumficha jambo lo lote, wala asimtumie kwa kazi zake hata akazuiliwa masomo, isipokuwa katika taabu kubwa. Kama mwalimu amevunja sheria, mwanafunzi amwambie, lakini faraghani. Kupatana ujira kabla ya kufundisha kulihesabiwa aibu. Na kitabu kingine, cha Gautama (siye Buddha), chasema juu ya fimbo. Mwanafunzi asipigwe. Ikiwa hapana njia nyingine, achapwe kwa kamba nyembamba au kwa ufito mwembamba; na mwalimu atakayempiga kwa kitu kingine aadhibiwe na mfalme. Tukawaza ni walimu wangapi tuliowajua ambao wangeitwa mbele ya mfalme huyo.

Tulikuwa tumekipenda sana kitabu hicho mpaka tulipokifungua mbele kidogo. Kitabu kile kile cha Gautama, kinachomhurumia mwanafunzi asichapwe kwa fimbo nene, chaagiza kwamba Shudra atakayeisikiliza Veda kwa makusudi amiminiwe masikioni bati na lakiri iliyoyeyushwa. Na akiikariri, ulimi wake ukatwe. Tulikifunga kitabu. Tulipokifungua tena siku ya pili maneno yalikuwa hapo hapo.

Huo ndio mwiba tuliousema. Mlango uliopambwa namna hii, wenye mama alishaye polepole na mwalimu achukuaye mimba, ulikuwa mlango wa wachache. Wanawake nao walibaki nje: kitabu cha Manu chasema kwamba kwa mwanamke ndoa ndiyo upanayana yake, na kumtumikia mume ndiko kukaa kwake kwa mwalimu. Ni kweli kwamba kanuni nyingine za kale zilitaja wasichana waliovikwa uzi wakasoma Veda, na Upanishad moja yamsimulia Gargi, mwanamke aliyemhoji Yajnavalkya mbele ya wanazuoni wote katika baraza la mfalme Janaka. Lakini hao walikuwa wachache, kisha wakasahauliwa.

Hawakukosekana Wahindu wenyewe walioupinga ubaguzi huo. Swami Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj mjini Bombay mwaka 1875, alifundisha kwamba Veda ni za watu wote, wanaume kwa wanawake. Na chama chake kilifika kwetu Afrika ya Mashariki, kikaanzishwa Nairobi mwaka 1903. Gandhi, ambaye alikuwa wa tabaka la Vaishia, aliulizwa huko Rishikesh mwaka 1915 na mtu wa dini kwa nini hana uzi. Alijibu kwamba ikiwa Mashudra hawaruhusiwi kuuvaa, haioni haki ya matabaka mengine kuuvaa. Na Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa mwaka 1891 katika jamii ya Mahar, watu waliohesabiwa kuwa chini hata ya Mashudra, alisoma shule akikalia gunia alilotoka nalo nyumbani. Bomba la maji hakuruhusiwa kuligusa, na kama mtumishi wa shule hakuwapo wa kumfungulia, alishinda na kiu. Mtoto huyo alikuja kupata shahada za udaktari New York na London. Tarehe 25 Desemba 1927, huko Mahad, yeye na wenzake walikichoma moto kitabu cha Manu hadharani. Katiba ya India, ambayo yeye aliongoza kamati ya kuiandika, ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950, na ndani yake desturi ya kuwahesabu watu kuwa najisi ilifutwa.

Walakini iko hadithi ya zamani zaidi kuliko hayo yote, nayo imo ndani ya maandiko yenyewe, katika Upanishad ya Chandogya. Kijana mmoja, jina lake Satyakama, alitaka kwenda kwa mwalimu. Akijua kwamba ataulizwa ukoo wake, alimwuliza mama yake, Jabala. Mama hakumficha. Alimwambia kwamba katika ujana wake alikuwa mtumishi, akihama huku na huku, na hapo ndipo alipompata. Ukoo wa baba hakuujua. Lakini jina lake ni Jabala, na jina la mtoto ni Satyakama. Basi na ajitaje kuwa Satyakama wa Jabala. Kijana alikwenda kwa mwalimu Haridrumata, akaulizwa kama alivyotazamia, naye akayarudia maneno ya mama yake yote, pasipo kupunguza hata lile la aibu. Mwalimu akasema kwamba asiyekuwa Mbrahmani hangeweza kusema hivyo. Akamwamuru alete kuni za moto, amwingize katika masomo, kwa kuwa hakuiacha kweli.

Wanazuoni wamebishana sana juu ya jibu hilo. Wengine husema kwamba mwalimu alitambua kwa dalili kuwa kijana ni Mbrahmani kwa damu. Wengine husema kwamba alimfanya Mbrahmani kwa sababu ya kweli yake. Sisi si wanazuoni wa Kisanskriti. Twaona tu kwamba kuni zilipoletwa moto uliwashwa, na mtoto akaingia. Mwalimu akampa ng'ombe 400 waliokonda akawachunge. Kijana akaapa asirudi mpaka wawe 1,000, akakaa porini miaka mingi. Na huko alifundishwa na fahali, na moto, na ndege wawili. Aliporudi mwalimu aliona uso wake unang'aa, akamwuliza ni nani aliyemfundisha. Akajibu kwamba si wanadamu. Lakini alikuwa bado ataka kufundishwa na mwalimu wake.

Wasikilizaji, hadithi hiyo tuliisoma usiku, na hatukulala upesi. Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya kuhamia chuoni, tulikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ndogo ya bara. Siku ya kuandikisha watoto alikuja mama mmoja amemshika mwanawe mkono. Walikuwa wametembea tangu alfajiri, miguu imejaa vumbi. Tulimwuliza mtoto jina lake, akalitaja. Tukamwuliza jina la baba. Mtoto akamtazama mama yake. Mama akasema, "Mwalimu, andika langu." Watu waliokuwa katika mstari wakacheka, nasi, tusiseme uongo, tulitabasamu. Daftari lilikuwa na safu ya jina la baba, na safu ikiwa tupu mkaguzi angeuliza. Tukamwambia mama aende akalete barua ya wazee wa kijiji chake. Akasema, "Haya, Mwalimu," akamshika mwanawe mkono, wakaenda zao. Hawakurudi. Tulipokuja kuisoma habari ya Jabala jina la mtoto yule lilikuwa limekwisha kututoka, na mpaka leo hatulikumbuki.

Tulimsimulia rafiki yetu wa dukani. Hakutufariji wala hakutulaumu. Alituuliza kama daftari lile lingaliko. Tukamwambia kwamba bila shaka lingaliko, madaftari ya shule hayatupwi. "Basi mtoto hayumo," akasema, akaendelea kuhesabu chaki. Mwanawe alikuwa ameketi pale pale nyuma ya meza, nywele zimeanza kuota, anafanya hesabu za shule, na uzi umetokeza kidogo penye ukosi wa shati.

Mwaka huu tumenunua kwake daftari jipya kwa ajili ya shule ya mazoezi iliyo chini ya chuo chetu. Lilikuwa limekwisha kupigwa chapa safu zake zote. Ile ya jina la baba tumeikata kwa wino, tukaandika juu yake kwa mkono, Jina la Mzazi.